Stori za muziki zinazorudisha jina la mtu

Ukitaja Robert Johnson mbele ya mtu anayejua bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, hata kidogo, kabla hujafika mbali atakukatisha, aah yule aliyeuza roho kwa shetani njia panda usiku wa manane akapewa ufundi wa gitaa. Na huku kwetu Tanga stori hiyo inaingia bila hodi, maana njia panda tunaijua, nani hajapita alfajiri akakuta chungu kimepasuliwa pale kati au nazi imeachwa, mama akamvuta mkono asikanyage. Kwa hiyo ukiisimulia kijiweni Ngamiani watu wanaitikia kwa vichwa, wanasema eeh, kumbe hata Marekani wanayajua haya mambo.

Mimi stori hiyo siipendi kabisa, na ndiyo iliyonifanya nianze kuzichambua hizi stori zote za wanamuziki ambazo tunarushiana kama chemsha bongo kahawa ikishamiminwa.

Robert Johnson alizaliwa Hazlehurst, Mississippi, mwaka 1911. Alipokuwa kijana alikuwa anavizia wakubwa wakipumzika anashika gitaa lao, na Son House, ambaye alikuwa mkubwa kweli kwenye bluzi, amesimulia mwenyewe kwamba yule kijana alikuwa anapiga makelele mpaka watu wanalalamika aondolewe. Basi akapotea. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, anapiga besi na solo kwa wakati mmoja kwenye gitaa moja, wale wale waliomcheka wakabaki midomo wazi. Sasa huko alikopotea alikuwa wapi? Alirudi kwao Hazlehurst, akakaa kwa mtu mmoja anaitwa Ike Zimmerman. Familia ya Ike walikuja kusimulia baadaye kwamba Robert aliishi pale kama mtoto wa nyumbani, na usiku yeye na Ike walikuwa wanachukua magitaa wanakwenda makaburini, wanakaa juu ya kaburi wanapiga, kwa sababu kule hakuna jirani wa kugonga ukuta na kulalamika usingizi. Ndiyo hivyo. Mwalimu, mwanafunzi, na mazoezi ya usiku kucha.

Na ile habari ya njia panda mwanzoni hata haikuwa yake, ilikuwa ya mpiga bluzi mwingine, Tommy Johnson, ndugu yake ndiye aliyeisimulia, halafu kwa kuwa wote ni akina Johnson ikahamia kwa Robert ikakaa huko mpaka leo. (Na mtaona akina Johnson wanazidi kuja humu ndani, hawana udugu, ni jina tu lilijaa kule.)

Sasa angalia kilichotokea hapo. Shetani kapewa sifa, Ike kafutwa. Robert amerekodi nyimbo 29 tu maisha yake yote, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937, mwaka uliofuata tarehe 16 Agosti akafa ana miaka 27, na nyimbo hizo 29 ndizo zilizokuja kuwalea wapiga gitaa akina Eric Clapton na Keith Richards na roki yote ya Uingereza, na nyuma yake yuko Ike Zimmerman ambaye hakuacha hata santuri moja. Huku pwani mtu akipiga udi ukatulia, swali la kwanza watu wanauliza ni nani kakufundisha. Ni swali la heshima. Kwa nini kwa Robert tukaliacha?

Tangu hapo ninazipima stori kwa kitu kimoja, kama inarudisha jina la mtu naitunza, kama inalimeza jina la mtu basi naitafutia aliyemezwa.

Chukua "Johnny B. Goode" ya Chuck Berry, 1958, hata mtu asiyejua roki akisikia ule mwanzo wa gitaa anaujua. Goode ni jina la mtaa, Goode Avenue kule St. Louis ambako Chuck alizaliwa, ni sawa na mtu wa hapa ajiite kwa Barabara ya Nane. Lakini Johnny ni nani? Johnny alitokana na Johnnie Johnson, mpiga piano. Na huyu ndiye aliyekuwa na bendi, mkesha wa mwaka mpya kuingia 1953 mpuliza saksafoni wake akaumwa, akamwita Chuck Berry aje azibe nafasi, Chuck akaja kuziba nafasi na mwisho bendi ikawa yake. Ukisikiliza nyimbo zile kwa makini piano inakimbizana na gitaa mwanzo mpaka mwisho, wala haijakaa nyuma kama pambo. Baadaye Johnnie alikuja kuendesha basi hapo St. Louis, miaka, na alipokwenda mahakamani mwaka 2000 kudai haki ya utunzi, kesi ikatupwa kwa sababu muda ulikuwa umepita sana. Kwa hiyo mtu yumo ndani ya jina la wimbo halafu kwenye karatasi hayumo.

Wimbo huo huo, kama hujui, hivi sasa uko mbali kwenye anga lililo kati ya nyota na nyota. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya anga, Voyager, kila kimoja kimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, ina salamu kwa lugha 55 na muziki wa dunia nzima, karibu dakika 90. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo, Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Kwenye muziki wamo Chuck Berry wa roki, Louis Armstrong wa jazi, na wa bluzi ni Blind Willie Johnson.

Huyu Blind Willie nataka nikae naye kidogo. Alikuwa kipofu, mhubiri wa mitaani huko Texas, anapiga gitaa kwa kuteleza kitu kigumu juu ya nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu. Desemba 1927 alirekodi "Dark Was the Night, Cold Was the Ground", na ndani hakuna maneno, ni mguno tu na gitaa linamjibu, dakika tatu na kitu. Mwaka 1945 nyumba yake huko Beaumont iliungua, hakuwa na pa kwenda, akaendelea kulala mle mle kwenye magofu juu ya matandiko yaliyolowa, akafa. Hati ya kifo imeandikwa homa ya malaria. Malaria! Ugonjwa tunaoujua sisi wa Tanga na Muheza na Pangani tangu tumboni. Mtu kafa kwa malaria kwenye nyumba iliyoungua, na baada ya miaka 32 sauti yake ikachaguliwa iende kuwaeleza viumbe wa huko mbali, kama wapo, kwamba binadamu usiku ukimkuta hana pa kulala anajisikiaje. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea kuongea, wanakijiwe wanajua, wananiachia mpaka nirudi.

Voyager 1 ilirushwa tarehe 5 Septemba 1977. Siku hiyo hiyo kuna mtoto wa Unguja alikuwa anatimiza miaka 31, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe 5 Septemba 1946, dunia inamwita Freddie Mercury. Habari zake kila mtu anazijua huku, "Bohemian Rhapsody" na ile Bismillah ndani yake na wiki tisa kileleni Uingereza, kwa hiyo sitakaa sana. Ila jirani yake jukwaani kwenye bendi yao ya Queen, mpiga gitaa Brian May, huyo wengi hawajui kwamba gitaa lake alilitengeneza kwa mkono akiwa kijana, yeye na baba yake, walianza 1963. Shingo wameichonga kwenye mbao ya jiko la kuotea moto la zamani sana, springi ni za pikipiki kuukuu, na vidoti kwenye shingo vimetoka kwenye vifungo vya lulu vya boksi la cherehani la mama yake. Analicharaza kwa sarafu badala ya plastiki. Halafu akarudi chuo kikuu kumalizia masomo ya nyota, akapata udaktari 2007. Hapa kwetu vijana wametengeneza magitaa ya galoni na waya wa breki wa baiskeli vizazi na vizazi, kwa hiyo hii stori ukiisimulia Tanga hakuna anayecheka, wanauliza tu mbao ilikuwa aina gani.

Tukija kwenye mikono na vyuma, naomba mniruhusu niende taratibu, maana hii ndiyo ninayoipenda kupita zote.

Birmingham, Uingereza, 1965. Kijana wa miaka 17, Tony Iommi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha bati. Ni siku yake ya mwisho kazini kwa sababu amepata bendi wanakwenda kupiga nje. Siku hiyo wakamweka kwenye mashine ambayo si yake, ikamnyofoa ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Na yeye ni mtu wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ulioumia ndio anaobania nyuzi. Madaktari wakamwambia sahau gitaa. Mtu wa Tanga hii hahitaji kuelezwa. Wazee wetu wametoka kambi za mkonge, mashine ya korona ya kukamua mkonge wanaijua, na kila familia yenye historia ya manamba ina mzee aliyerudi nyumbani na mkono pungufu, na akirudi hivyo stori yake huishia hapo.

Ya Tony haikuishia hapo, na sababu ni nyapara. Nyapara wake wa kiwandani alikwenda nyumbani kwake kumjulia hali, akabeba santuri, akamwambia sikiliza hii. Tony hataki, ana uchungu, muziki ndio kitu cha mwisho anachotaka kusikia. Nyapara akasisitiza. Ikapigwa, akasema anapiga vizuri, nyapara akamwambia huyo unayemsikia anabania nyuzi kwa vidole viwili tu. Alikuwa Django Reinhardt, Mgypsy aliyezaliwa Ubelgiji 1910, mfalme wa gitaa la jazi kule Ufaransa. Novemba 1928 gari lao la kuishi lilishika moto usiku, mle ndani mlikuwa na maua ya seluloidi, aina ya plastiki, mkewe anayoyauza, na seluloidi ikishika moto hakuna kuzima, mkono wa kushoto ukaungua, vidole viwili vikajikunja visifanye kazi tena. Akalala hospitali muda mrefu, ndugu yake akamletea gitaa, akajifunza upya kwa vidole vilivyobaki, na mwaka 1934 wakaanzisha na Stéphane Grappelli kundi lao la Hot Club pale Paris, na mpaka leo wapiga gitaa wenye vidole vitano kamili wanahangaika kumfuata.

Tony aliposikia hivyo akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akatengeneza vifuniko vya vidole, akabandika ngozi ya koti juu yake ili visiteleze. Nyuzi zilikuwa bado zinamuumiza, akatafuta nyepesi. Februari 1970 ikatoka albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, na kufikia albamu ya tatu, 1971, akawa ameanza kuzilegeza, na nyuzi ikilegea sauti inashuka inakuwa nzito, na ile sauti nzito ndiyo watu wanaiita hevi metali, dunia nzima inaiga, wengine wanalegeza nyuzi na vidole vyao vizima kabisa.

Kwa hiyo ukifuata uzi, muziki mzito kuliko wote umepita kwa mtu wa jazi aliyeungua, na daraja katikati ni nyapara mmoja aliyeamua kumtembelea mgonjwa na santuri mkononi. Mimi nikiulizwa nani muhimu kwenye historia ya roki huyo namweka juu sana.

Na hapo ndipo huwa naingiza za kwetu, wala siombi radhi. Tanga hii ilikuwa mji wa bendi. Jamhuri Jazz Band, kabla haijaitwa hivyo, ilikuwa Young Nyamwezi, na hilo jina peke yake linakueleza nani walikuwa kwenye mji, watu waliotoka Unyamwezi huko mbali kuja kukata mkonge, jioni wanataka kucheza. Kule Mississippi ilikuwa pamba, huku mkonge, na pande zote mbili mtu aliyemaliza kazi ya shamba akatafuta gitaa. Atomic Jazz wakawa wapinzani wao, na upinzani wenyewe ulikuwa wa kweli, mtu wa Jamhuri hakanyagi kwa Atomic. Ndani ya Jamhuri mwaka 1966 wakaingia Wilson Kinyonga na mdogo wake George. Tanga wenyewe tunasema waja leo waondoka leo, na akina Kinyonga wakaondoka kweli, 1970 Arusha, 1971 Mombasa, wakawa Simba Wanyika, halafu 1978 ndani ya Simba Wanyika wakachomoka watu wakaunda Les Wanyika, ikatoka "Sina Makosa". Leo ukiipiga hiyo harusini kuanzia Nairobi mpaka Lubumbashi watu wanasimama, na wengi wanadhani ni ya Kenya tu. Mizizi ya gitaa lile iko huku, kwenye kumbi za Tanga. Na wakati huo huo mji huu huu Black Star na Lucky Star wanaingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, na Bi Shakila anaimba juu yake.

Kuna za haraka haraka ambazo kijiweni zinapendwa na mimi naziafiki. "Take Five" ile ya midundo mitano, ya mwaka 1959, watu wanasema ya Dave Brubeck kwa kuwa bendi ni yake, ila mtunzi ni Paul Desmond, mpuliza saksafoni, na alipofariki 1977 aliacha mapato ya wimbo kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani, kwa hiyo mpaka leo ukipigwa redioni kuna mgonjwa au mwathirika wa mafuriko anafaidika. B.B. King naye, gitaa lake Lucille, ni jina la mwanamke ambaye hakuwahi hata kukutana naye. Mwaka 1949 anapiga kwenye ukumbi wa Twist, Arkansas, baridi kali, wamewasha pipa la mafuta ya taa katikati kupasha joto, wanaume wawili wakapigana wakaliangusha, ukumbi ukawaka. B.B. akatoka mbio, akakumbuka gitaa, akarudi ndani ya moto kulifuata. Kesho yake akasikia watu wawili walikufa kwenye moto ule, na wale waliopigana walikuwa wanamgombea mfanyakazi wa pale, Lucille, akalipa gitaa jina hilo ili asirudie ujinga wa namna ile. Mwaka 1974 alikuja Kinshasa, kwenye tamasha la ule mpambano wa ngumi wa Ali na Foreman.

Bessie Smith sitaki kumpitisha haraka. Alikuwa malkia wa bluzi, miaka ya 1920 hakuna msanii mweusi aliyelipwa zaidi yake. Septemba 1937 akapata ajali ya gari karibu na Clarksdale, Mississippi, mkono ukakaribia kukatika, akafa. Stori iliyosambaa, na bado inasambaa, ni kwamba hospitali ya wazungu ilimkataa ndiyo maana akafa. Ubaguzi ulikuwepo, wa kikatili, hilo halina mjadala. Lakini siku ile haikuwa hivyo, kuna daktari mzungu, Hugh Smith, alimkuta barabarani akasimama kumhudumia, na akapelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi ya Clarksdale, kule ndiko alikofia. Ile stori ya kukataliwa iliandikwa gazetini wiki chache baadaye na ikashika.

Na wakati watu wanasimuliana hiyo, kuna jambo la kweli hakuna aliyelishughulikia. Maelfu walikuja kumzika karibu na Philadelphia, halafu kaburi likakaa miaka 33 bila jiwe, bila jina. Mwaka 1970 ndipo wanawake wawili wakachanga, Juanita Green, ambaye utotoni alikuwa akifanya usafi nyumbani kwa Bessie, na Janis Joplin, mzungu wa roki aliyesema kajifunza kuimba kwake. Jiwe likawekwa Agosti. Janis mwenyewe akafa tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, ana miaka 27. Kwenye stori hii watu wanamtaja Janis. Mimi namtaja Juanita Green kwanza, kila mara, maana Janis alikuwa na pesa za roki na yule alikuwa na kumbukumbu ya ufagio.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Usagara na popote alipo mtu wa Tanga. Kwenye makabati ya babu na bibi zetu kuna picha za bendi, nyeusi na nyeupe, vijana wamevaa suruali za bomba wameshika magitaa mbele ya pazia. Tunawajua waimbaji. Aliyeshika besi pembeni, yule wa tumba, yule wa marakasi, hao ndio wanaotupotea, na wapo wanaowajua kwa majina na bado wanapumua. Chukua picha, mkalie bibi karibu, geuza upande wa nyuma, uandike kwa kalamu ya wino kuanzia kushoto kwenda kulia, jina la mtu, alichokuwa anapiga, na aliyemfundisha.